Pipi Iitwayo Mardi: Haikuwa Jumanne

“Mwongo we! Haikuwa Jumanne!”

Sauti hiyo, msomaji, bado inarindima ukumbini. Wiki iliyopita tulimwacha Bi Nusra amesimama katikati ya wageni, fimbo yake imeelekezwa jukwaani, na shingo zote zimegeuka kumtazama.

Jukwaani alisimama Mzee Dhiren, kipaza sauti mkononi, mdomo wazi. Nyuma yake, kwenye skrini kubwa, iling'aa pipi ambayo hakuna asiyeijua Uingereza nzima: tofi laini ndani, chokoleti nje, karatasi ya kahawia na dhahabu, na juu yake neno moja tu. MARDI.

Kwa anayeingia leo, mambo ni haya. Mzee Dhiren, Mhindi aliyezaliwa Unguja, alikuwa akisherehekea nusu karne ya pipi yake katika ukumbi mmoja karibu na stesheni ya Rayners Lane. Historia anayoisimulia kila mwaka ni kwamba aliibuni siku ya Jumanne, na kwa kuwa Wafaransa huiita Jumanne mardi, basi jina likawa hilo. Waingereza wanaipenda sana hadithi hiyo.

Bi Nusra, mzaliwa wa Pemba, mkaazi wa Barking, ndiye aliyekuja kuikanusha mbele za watu.

Na kando yake aliketi binti yake wa pekee. Binti huyo anaitwa Mardhiya.

Mardhiya hakushtuka. Tangu wamzike mumewe, Sultan, wakati wa baridi, hakuna kilichomshtua. Siku ya mazishi alipokea mikono ya watu kama anavyopokea wagonjwa pale mapokezi, kwenye kliniki ya meno anakofanya kazi. Ahsante. Karibu. Ahsante. Hakulia. Wanawake wakasema ana imani kubwa. Hakuwa na imani kubwa. Hakuwa na kitu chochote.

“Mama, kaa,” alisema.

“Sikai.”

Mwanamke mmoja aliyevaa suti ya kijani akashuka jukwaani mbio mbio. Huyo ni Priya, binti wa Mzee Dhiren, ndiye anayeendesha kampuni siku hizi.

“Anti, please,” akanong'ona. “Tutazungumza baadaye.”

“Nishasubiri baadaye mpaka nimezeeka.”

Simu zikaanza kunyanyuliwa. Watu wanarekodi. Mzee Dhiren akaweka kipaza sauti chini, kikapiga ukelele, naye akasema kwa Kiunguja safi ambacho wajukuu zake hawakuwahi kukisikia ukumbini:

“Nusra, umekuja kunivua nguo?”

“Umejivua mwenyewe.”

Mzee akaonyesha mlango ulio kando ya jukwaa. “Haya, ingieni ndani. Na wewe binti, njoo.”

*

Chumba cha nyuma kilijaa viti vilivyopangwa juu kwa juu na maboksi ya pipi. Birika kubwa la umeme lilikuwa likichemka. Priya akafunga mlango kwa mgongo wake.

“Sasa. Huyu bibi ni nani?”

“Alikuwa mpangaji wangu,” alisema Mzee Dhiren.

“Na huyu?”

“Mwanangu,” alijibu Bi Nusra. “Haya, mwambie jina lako.”

“Mardhiya.”

Priya akageuka. Akatazama maboksi. MARDI, MARDI, MARDI, kutoka sakafuni mpaka dirishani. Akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yao, amevaa koti la buluu na mtandio mweusi, mikono imening'inia tu.

Mardhiya naye aliyatazama maboksi. Shuleni Barking watoto walimwita Mardi, wakamjazia karatasi za pipi kwenye mkoba. Alipomuuliza mama yake, aliambiwa imesadifu tu. Akaamini, akakua, yakaisha.

Akachukua moja mezani, akaimenya, akaitia mdomoni ili apate la kufanya. Alijua ni tamu kwa sababu lazima iwe tamu.

“Daddy,” Priya akasema polepole. “Huyu ni dada yangu?”

Birika likajizima lenyewe.

Mardhiya akasubiri. Kama ni kweli, aliwaza, basi sasa hivi nitahisi kitu. Akasubiri kama mtu anayesubiri basi ambalo hana hakika linapita njia hiyo. Halikuja.

Fimbo ya Bi Nusra ikagonga meza, pipi zikatawanyika.

“Astaghfirullah! Binti, chunga ulimi wako! Mwanangu ana baba yake. Mbarouk wa Wete. Mume wangu wa ndoa, na mashahidi wake walikula biriani wakashiba!”

Priya akaziba mdomo kwa kiganja. Mzee Dhiren, jamani, akacheka mpaka akakohoa.

“Kama si hivyo, kuna nini?” Priya akauliza. “Kwa nini jina?”

Wazee wawili wakatazamana. Kisha wakaanza kusimulia, huyu akimkata yule.

Ni hivi. Mbarouk na Nusra walipanga chumba juu ya duka la Dhiren, hapo hapo Rayners Lane. Mtoto akazaliwa. Mbarouk akataka kupika mwenyewe halua ya akika, karamu ya kumshukuru Mungu kwa mtoto, kama alivyoona nyumbani kwao. Wanga wa kuigandisha hakupata. Akatia maziwa ya kopo.

“Nilimwambia usitie,” alisema Bi Nusra.

“Ulimwambia atie!”

“Mie?”

Ilipopoa haikuwa halua. Ilikuwa tofi, laini, yenye harufu ya iliki, iliyoganda kwenye sufuria, kwenye mwiko, kwenye gazeti na kwenye meno ya kila aliyeionja. Waliikata kwa mkasi uliopakwa siagi. Hata hivyo vipande vilishikana.

Na chini, dukani, Dhiren alikuwa na chokoleti iliyopigwa na unyevu ikafanya weupe. Hakuna mteja aliyeitaka. Akaiyeyusha, akasema tuchovye vipande humo, angalau visigande kwenye vidole vya watu.

“Wageni wa akika walikula wakamaliza,” alisema Mzee Dhiren. “Kesho yake wakaja dukani kuuliza ziko wapi.”

Zikauzwa kwanza kwenye koni za karatasi. Halafu kwenye sinema zilizoonyesha filamu za Kihindi. Halafu harusi za Harrow na Wembley, vibanda vya stesheni, vituo vya mafuta, nchi nzima. Iliki ikaondolewa. Pipi ikapunguzwa ukubwa, watu wakaandika magazetini kwa hasira. Lakini jina likabaki.

“Mbarouk ndiye aliyesema tuipe jina la mtoto,” Mzee alimalizia. “Mardhiya halikuenea kwenye karatasi. Tukalikata.”

Priya akamgeukia Mardhiya kama anayemwona upya. “Wewe ndiye Mardi.”

“Inaonekana,” alisema Mardhiya.

Basi. Hilo tu. Mtu anaambiwa jina lake limo mifukoni mwa nchi nzima, naye anajibu kama aliyeulizwa saa.

Ila swali moja lilimjia, akaliuliza bila uchungu. “Sasa Jumanne ilitoka wapi, anko?”

Mzee Dhiren akanyoosha kidole.

“Muulize mama yako.”

Bi Nusra akainamisha uso.

“Mama?”

“Alikuja dukani, wewe uko mgongoni,” alisema Mzee. “Akaniambia, futa jina la mwanangu. Nikamwambia karatasi zishachapwa. Akasema, basi litafutie maana nyingine, yoyote, mradi lisiwe lake. Nikalitafutia. Nimeisema hiyo Jumanne miaka na miaka mpaka nikaanza kuikumbuka. Na leo huyu huyu anasimama kuniita mwongo!”

Priya akakaa juu ya boksi. Mardhiya akamtazama mama yake.

“Kwa nini ulitaka lifutwe?”

“Mambo ya zamani hayo.”

“Kwa sababu Mbarouk aliondoka,” alisema Mzee Dhiren, “na yeye...”

“Dhiren, nyamaza!”

“...hakutaka kitu chochote chenye mkono wake. Aliponda mpaka sufuria. Kwani mtoto hajui?”

“Baba alikufa Pemba,” alisema Mardhiya. “Alikwenda kumwona mama yake, akashikwa na homa. Nilikuwa sijaanza kutambaa.”

Aliisema vile vile alivyoisema maisha yake yote, kwa walimu, kwa madaktari, kwa Sultan siku aliyomposa.

Mzee Dhiren akamtazama Bi Nusra. Kicheko kilikuwa kimekwisha kabisa.

“Nusra. Hukumwambia?”

Bi Nusra akavuta kiti, kwa tabu, akakaa.

“Kwangu alikufa,” alisema. “Alikwenda Muscat kutafuta kazi. Akasema atatuita. Nikasubiri. Siku moja mtu akaja kutoka huko akaniambia, Mbarouk ana mke na nyumba. Na wewe ulipoanza kusema, neno lako likawa baba yuko wapi, baba yuko wapi. Nikaona bora maiti. Maiti unamsomea. Mtu aliyekukimbia unamfanyia nini?”

“Na leo?”

“Leo...” Bibi akaishika fimbo kwa mikono miwili. “Mwanangu, umekuwa kama ukuta. Nikikwambia kula, unakula. Nikikwambia lala, unalala. Nakugonga, sisikii mtu ndani. Nikasema nikupe japo kitu kimoja. Ujue kwamba ulipozaliwa kuna mtu alifurahi, akataka jina lako litiwe mdomoni na mji mzima. Hilo tu nililitaka. Mengine sikutaka yatoke.”

Mardhiya alisikia kila neno. Aliyaelewa yote. Alijua hili ni jambo kubwa ambalo mama yake hakuwahi kumfanyia mtu.

“Ahsante, mama,” alisema.

Hapo ndipo Bi Nusra alipolia. Maana ilikuwa ahsante ya mtu aliyepewa kikombe cha maji.

Priya akatafuta tishu. Mzee Dhiren akajifanya anaokota pipi.

“Alikufa lini, kweli?” Mardhiya akauliza.

“Nani?”

“Baba.”

Mzee akabaki ameinama, pipi mkononi.

“Mwanangu,” alisema, “Mbarouk hajafa. Juzi nimekunywa naye chai. Yuko Edgware Road.”

*

Bi Nusra alisema usiende, akasema mara nyingi, na bado aliposikia ufunguo wa gari ukilia alijikokota akaingia kiti cha nyuma.

Kwa mujibu wa Mzee Dhiren, Mbarouk alikuja kutoka Muscat kutibiwa moyo. Alialikwa sherehe, akasema miguu haimbebi. Kila siku baada ya alasiri hukaa kwenye mkahawa mmoja wa Kiarabu, meza ya nje, hata kukiwa na upepo.

Mardhiya aliendesha taratibu. Kwenye taa nyekundu alisimama. Kwenye taa ya kijani aliondoka. Hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa ameambiwa mahali, basi anakwenda.

“Atakuchekesha,” sauti ya mama yake ilitoka nyuma. “Ogopa hapo. Alimchekesha kila mtu. Hata mama mwenye nyumba wa kizungu, tuliyepanga kwake kabla ya kwa Dhiren, alimchekesha mpaka akasahau kutufukuza.”

“Sawa, mama.”

“Usiseme sawa! Sema kitu!”

Mardhiya akafikiria aseme nini. Wakapita Paddington akiwa bado anafikiria.

Akapata nafasi ya kuegesha kwenye barabara ya pembeni.

“Mie sishuki,” alisema Bi Nusra, akafunga vioo.

Edgware Road ilikuwa imejaa kama kawaida ya Jumamosi: familia za Ghuba na mifuko ya maduka, moshi wa shisha, mpishi anayekata shawarma huku anaimba. Mardhiya alimtambua kutoka mbali. Si kwa sababu damu ilimwambia. Damu haikusema chochote. Ni kwa sababu alikuwa mzee pekee mwenye kanzu nyeupe na kofia ya Kiomani aliyekuwa akibishana na mhudumu kwa Kiswahili.

“Nimekwambia maziwa kidogo! Umenitilia ng'ombe mzima!”

Mhudumu, ambaye hakuelewa hata neno, alikuwa akicheka.

Mardhiya akasimama mbele ya meza. Mdomo ukafanya kazi yake ya mazoea.

“Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu!” Uso wa mzee ukafunguka. “Al-hamdulillah, mtu wa kwetu. Umetumwa na hospitali? Umeleta dawa?”

“Sijaleta dawa.”

Alikuwa na paji la uso pana lenye mkunjo mmoja katikati. Mkunjo huo Mardhiya huuona kila asubuhi kwenye kioo cha bafuni. Aliuona sasa, akaupita.

“Mimi ni Mardhiya,” alisema.

Mzee akacheka, akatikisa kichwa kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto.

“Hapana, mama. Mardhiya ameingia ndani kunawa mikono.”

Msomaji, soma tena.

Mardhiya alidhani hakusikia vizuri. Magari yalikuwa mengi. Akageuka kuelekea mlango wa mkahawa, na mlangoni alikuwa akitoka mwanamke wa baibui jeusi, anafuta viganja kwa karatasi. Mnene kidogo. Mkubwa kidogo. Kwenye paji lake la uso, mkunjo mmoja katikati.

“Baba, nani huyu?”

“Sijui. Anasema ni Mardhiya.”

“Mardhiya ni mimi,” alisema yule mwanamke, kwa lafudhi ya Wete iliyopitia Muscat. Hakuwa mkali. Alishangaa tu. “Bibi, umekosea meza?”

“Mama yangu ni Nusra,” alisema Mardhiya. “Wa Rayners Lane. Juu ya duka.”

Gilasi ya chai ikagonga sahani. Mzee Mbarouk alikuwa ameishika bado, lakini chai ilikuwa ikimwagikia kanzu, naye haioni.

Yule wa baibui alielewa kabla ya wote. Akashika mgongo wa kiti.

“Ndiye yule mke wa Ulaya,” alisema. “Mama alikuwa akituambia. Sie tulidhani hapana mtoto.”

“Wewe ulizaliwa lini?” Mardhiya akauliza.

“Kabla baba hajasafiri. Alituacha Wete, mie nishaanza kukimbia. Baadaye akafika Muscat, akatuita mie na mama.”

Kwa hiyo mke wa Muscat hakuwa mke mpya. Alimtangulia Bi Nusra. Na ndani ya gari, nyuma ya vioo vilivyofungwa, alikaa bibi aliyeishi miaka yote akiamini amechukuliwa mume, kumbe yeye ndiye aliyewekwa juu ya mwenziwe bila kuambiwa.

Mardhiya aliyapanga hayo kichwani, moja baada ya jingine, kwa utulivu. Yalipangika.

Yule dada (tumwite dada, hakuna jina jingine) akaingiza mkono kwenye mkoba. Pengine hakujua la kufanya, pengine alitaka kuwa mwema. Akatoa pakiti ya kahawia na dhahabu.

“Karibu. Nimezinunua stesheni. Hizi ni zangu, unajua?” Akatabasamu. “Baba kanambia tangu mdogo. Alipokuwa Ulaya alitunga pipi, akaipa jina langu kwa kunikumbuka. Hapa London kila nikiziona nasema, haya, baba yangu alinipenda.”

Na hapo, jamani, hapo ndipo.

Haikuanza moyoni. Ilianza tumboni, ikapanda, moto, chafu, isiyo na adabu. Mardhiya hakuijua mara moja kwa kuwa alikuwa ameisahau. Ilikuwa ni maumivu.

“Ni yangu!”

Mkahawa mzima ukageuka. Mpishi akaacha kuimba.

“Ni yangu! Ilikuwa akika yangu! Mama alikuwepo, mwenye duka alikuwepo, walikata kwa mkasi! Mimi nimeitwa Mardi shule nzima! Unakuja kutoka Muscat unaniambia ni yako?”

Alikuwa akipiga kelele barabarani, mwanamke wa makamo, mtandio umemwangukia mabegani. Machozi yalikuwa yakimtoka mpaka puani. Kwa nani? Kwa pipi? Kwa Sultan? Hakujua, wala hakuweza kuyazuia.

Dada yake alirudi nyuma hatua moja. Naye pia alikuwa ameanza kulia.

“Baba,” alisema yule. “Mwambie.”

“Ndiyo, mwambie,” alisema Mardhiya. “Mbele yangu. Uliiita kwa jina la nani?”

Mzee Mbarouk aliwatazama. Huyu, kisha yule. Mtu aliyemchekesha kila mtu hakuwa na mzaha hata mmoja usoni. Ghafla alionekana mgonjwa kweli.

“Si yako,” alimwambia binti wa Wete.

Mardhiya akavuta pumzi.

“Wala si yako,” alimwambia yeye.

Basi likapita, likatetemesha gilasi mezani.

“Nyote wawili mlipewa jina la mtu mwingine,” alisema mzee kwa sauti ya chini. “Alikuwepo Mardhiya kabla yenu. Hata mama zenu hawamjui. Mwanangu wa kwanza. Nilimzika mimi, peke yangu, na tangu siku ile sijakaa nyumba moja nikatulia.”

Mardhiya akavuta kiti, akakaa mbele yake.